Unga Umetolewa, Lakini kwa Nia Gani?

KASAJI, LUALABA. – Gunia la unga likifika kanisani kwa ajili ya familia zilizohama, hesabu yake ni rahisi. Kuna aliyelileta, kuna aliyelipokea, na kuna karani anayeandika jina na kilo katika daftari. Kitu kimoja hakiandikwi: sababu iliyomfanya mtu atoe. Majirani wanabaki kukisia. Mmoja anasema ni upendo. Mwingine anasema mtu huyu anatafuta kuchaguliwa mzee wa kanisa. Mwenyewe akiulizwa, atajibu kwamba ametoa kwa ajili ya Mungu, na pengine anaamini hivyo kwa moyo wote.

Swali la nia linaweza kuonekana dogo mbele ya njaa. Mtoto aliyelala bila bukari haulizi moyo wa aliyeileta. Lakini msaada wa siku moja si sawa na kukaa pamoja. Mgeni anayelala katika nyumba ya mtu mwezi mzima, miezi mitatu, mwaka, huishia kuijua nia ya mwenyeji wake kuliko mwenyeji mwenyewe. Anaijua kwa namna anavyoitwa asubuhi, kwa kazi anayopewa, kwa maneno yanayosemwa juu yake mbele ya watu. Wahenga walisema nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu. Anayeharibikiwa kwanza ni yule aliyepokelewa.

Ndiyo sababu Mkristo wa Kasaji anayefungua mlango wake ana haja ya kuupima moyo wake, hata kama mkono wake tayari umetoa.

Mji uliopokea na uliopokelewa

Kasaji iko kwenye njia ya reli itokayo Kolwezi kwenda Dilolo, mpakani mwa Angola. Njia hiyo imepitisha shaba, imepitisha chumvi na makayabu, na imepitisha watu wanaokimbia.

Wazee hawajasahau Machi 1977. Wapiganaji wa FNLC, kundi lililotokana na askari wa zamani wa Katanga waliokuwa Angola, waliingia upande wa Dilolo, na miji ya njia ya reli ikaangukia mikononi mwao, Kasaji ikiwa mmojawapo. Mei 1978 wakafika Kolwezi. Mara zote mbili, jeshi la serikali liliporudi, raia wengi waliogopa kulipiziwa kisasi wakavuka kwenda Angola. Walirudi baada ya Rais Mobutu kutangaza msamaha mwaka 1978. Kwa hiyo katika eneo hili zima wapo watu wazima waliowahi kuwa watoto wakimbizi, waliokula chakula cha mtu ambaye hakuwadai kitu, au aliyewadai.

Miaka ya 1992 na 1993 ikaja habari nyingine, na hii inauma zaidi kwa sababu hakukuwa na adui aliyevuka mpaka. Katika Likasi na Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao. Wengi wao walizaliwa Katanga; baba na babu zao waliletwa na Union Minière na kampuni ya reli. Familia zililala kwenye stesheni zikingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Wapo waliofia stesheni na wapo waliofia njiani, na watoto walikuwa miongoni mwao.

Mwaka 2018 Angola nayo iliwafukuza Wakongo kwa wingi, zaidi ya watu 300,000 katika muda mfupi. Wengi waliingilia upande wa Kasai, lakini hata Lualaba iliona watu wakirudi na mizigo kichwani, baadhi yao wakiwa wameporwa kila kitu.

Hayo yote yanarudisha swali moja. Watu wanaofanya ubaya mara chache wanasema wanafanya ubaya. Mwaka 1992 maneno yaliyosikika yalikuwa ya kupendeza: kulinda nchi ya mababu, kurudisha haki ya wenye nchi. Wapo walioyaamini kwa dhati. Lakini nyumba zilipobaki bila watu, watu waliingia. Nafasi za kazi zilipobaki wazi, watu waliziomba. Aliyeimba juu ya nchi mchana na kulala usiku katika kitanda cha jirani yake alipaswa kujiuliza ni kipi kilichomsukuma, nchi au kitanda.

Biblia ina habari inayofanana na hiyo neno kwa neno. Katika 1 Wafalme sura ya 21, Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Naboti ili alifanye bustani ya mboga. Naboti alikataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Malkia Yezebeli hakutuma askari. Alitangaza mfungo. Aliwaandikia wazee, wakaletwa mashahidi wawili, wakamshitaki Naboti kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Mtu aliyepita barabarani siku ile angeona mji wenye kumcha Mungu, uliofunga na kuhukumu dhambi. Chini ya ibada hiyo yote kulikuwa na tamaa ya mboga.

Maneno mazuri yana historia katika Katanga

Hakuna nchi iliyofundishwa somo hili kwa bei kubwa kuliko Kongo. Septemba 1876, Mfalme Léopold II wa Ubelgiji aliwaalika wasafiri na wataalamu wa jiografia Brussels. Alizungumza juu ya kukomesha biashara ya watumwa, juu ya sayansi, juu ya kuwafungulia Waafrika mlango wa maendeleo. Watu wenye nia safi walimpigia makofi. Kisha, tangu 1885 hadi 1908, nchi ilikuwa mali yake mwenyewe, na iliyofuata ni pembe za ndovu, mpira, kazi za lazima na mikono iliyokatwa. Mwaka 1908 Ubelgiji iliichukua kutoka kwake kwa sababu aibu ilikuwa imejulikana dunia nzima.

Karibu zaidi na hapa, Bunkeya, Mfalme M'siri alitawala kwa biashara ya shaba, pembe na watumwa. Februari 1886 alimpokea Frederick Stanley Arnot, Mskoti aliyekuja kuhubiri bila mshahara wa shirika lolote. Miaka michache baadaye wakaja wengine, safari hii na bendera na karatasi za kutia sahihi. Tarehe 20 Desemba 1891, M'siri aliuawa na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Léopold. Machoni pa mwanakijiji wa wakati ule, wageni wale walifanana: ngozi moja, lugha isiyoeleweka, na wote wakisema wanaleta mema. Tofauti ilionekana baadaye, ilipojulikana nani alikuja kutafuta watu na nani alikuja kutafuta shaba.

Ni rahisi kumpima Léopold. Amekufa, na hawezi kujibu. Wakristo wengi wa Lualaba wanaweza kuzungumza saa nzima juu ya tamaa ya wazungu, ya makampuni, ya wanasiasa wa Kinshasa, bila hata dakika moja juu ya jirani aliyelala katika chumba chao cha nyuma. Maandiko yanaanza upande ule mwingine. Nabii Yeremia, sura ya 17, anasema kwamba moyo wa mtu ni mdanganyifu kuliko vitu vyote, na hasemi moyo wa mfalme peke yake. Mithali 16:2 inaeleza kwamba njia za mtu huonekana safi machoni pake mwenyewe, lakini Bwana ndiye anayezipima roho. Anayedanganywa kwanza na moyo ni mwenye moyo.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe

Mfano ufuatao haumhusu mtu mmoja anayejulikana. Unaweza kutokea katika nyumba yoyote ya Kasaji.

Baba mmoja anampokea mama mwenye watoto watatu. Ni Novemba, mvua zimeanza, na kila mwenye shamba anahesabu mikono. Siku ya kwanza anawapa mkeka, bukari na sombe. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu anakumbuka methali, naye anampa mgeni jembe. Jumapili, mchungaji anamtaja mbele ya kanisa kama mfano wa ukarimu. Baba anainamisha kichwa kwa unyenyekevu, na ndani ya moyo kitu kinafurahi.

Je, amefanya vibaya? Hapana. Methali ni ya busara. Mtu mzima anayelishwa bila kufanya chochote hupoteza heshima yake siku kwa siku, na jembe linaweza kuirudisha. Lakini jembe hilo linalima shamba la nani? Mgeni akipewa kipande cha ardhi, hata kidogo, alime mihogo na mahindi yake, jembe limemsimamisha. Akipelekwa kupalilia mahindi ya mwenyeji tangu asubuhi hadi jioni, na watoto wake wanapewa makombo, jembe limemfanya kibarua asiye na mshahara. Kutoka nje, picha ni ile ile: mwenyeji mkarimu, mgeni mwenye bidii, methali ya wahenga. Februari, wakati ghala ni tupu na mahindi mapya hayajakomaa, ndipo tofauti inapojulikana. Mwenyeji mwenye nia ya kwanza anagawa kidogo kilichopo. Mwenye nia ya pili anaanza kulalamika kwamba wageni wanakula sana.

Baba huyo si mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipo. Akikaa chini na kujihoji kwa ukweli, atakuta sababu nyingi zikikaa pamoja. Alipokuwa mtoto yeye mwenyewe alilala Angola kwa watu wasiomjua, naye hajasahau. Hiyo ni huruma ya kweli. Alihitaji mtu wa kupalilia. Hiyo ni haja. Jirani yake tayari alikuwa amepokea familia mbili, naye hakutaka kuonekana mdogo. Hayo ni mashindano. Uchaguzi wa wazee wa kanisa umekaribia. Hiyo ni tamaa ya cheo. Na anamwogopa Mungu. Hiyo ni imani. Zote zimemwagwa katika mfuko mmoja kama mahindi na changarawe.

Mtu hatupi mahindi kwa sababu ya changarawe. Anachukua ungo, anapepeta, anaokota. Kazi hiyo haimalizwi siku moja, kwa sababu kesho mfuko mwingine utaletwa. Mwandishi wa Zaburi 139 alijua hivyo, ndiyo maana mwishoni mwa zaburi haitangazi usafi wake. Anamwomba Mungu amchunguze na kuona kama ndani yake kuna njia mbaya. Ni ombi la mtu anayejua kwamba macho yake peke yake hayatoshi.

Deni lisiitwe zawadi

Katika ukanda wa shaba kuna njia nyingine ambayo nia hujificha: kuita zawadi kitu ambacho mtu alikuwa anadaiwa.

Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inadai kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Kwa kila dola 1,000,000 za mauzo, dola 3,000 ni za jamii. Juu ya hayo kuna kitabu cha mapatano, kile kinachoitwa kaye de sharje, ambacho kampuni inatia sahihi pamoja na wenyeji. Shule ikijengwa kutokana na fedha hizo, ni jambo jema na watoto watasoma. Lakini mkazi anayejua sheria ataitazama kama haki iliyotekelezwa. Asiyejua atapiga magoti kushukuru, na siku maji ya kisima chake yakichafuka ataona haya kulalamika mbele ya mfadhili.

Kasaji iko mbali na machimbo makubwa ya Kolwezi, na wengi hapa watasema habari hiyo haiwahusu. Inawahusu, kwa ukubwa wa mfuko wao. Mwenye duka anayemlipa mama aliyehama nusu ya bei ya makala yake, kisha Krismasi akampelekea kilo mbili za unga, hajatoa. Amerudisha kidogo cha alichochukua, tena ameshukuriwa. Mwenye shamba aliyechelewesha malipo ya vibarua wake na Jumapili akaweka noti kubwa katika sahani ya matoleo, ameweka fedha za watu wengine. Yakobo, sura ya 5, anasema kilio cha wavunaji walionyimwa mshahara kimefika masikioni mwa Bwana. Wimbo wa kwaya haukizimi kilio hicho.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama nia ya zawadi ni safi, Mkristo anapaswa kuuliza jambo la chini zaidi: je, hii ni zawadi kweli? Aliyelipa anachodaiwa ametenda haki, na haki nayo inampendeza Mungu. Haina haja ya kuvalishwa nguo ya ukarimu.

Baragumu ya siku hizi ni simu

Yesu, katika Mathayo sura ya 6, aliwaonya wanafunzi wasipige baragumu mbele yao wanapotoa sadaka. Siku hizi baragumu inaingia mfukoni. Msaada ukifika, simu zinainuliwa: mtoaji mbele, gunia katikati, mama mwenye mtoto mgongoni akiambiwa acheke. Kabla unga haujapikwa, picha imekwisha kufika Lubumbashi.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili yasichanganywe. Hesabu ni lazima. Mtume Paulo alipopeleka mchango wa makanisa kwa ndugu wa Yerusalemu, hakwenda peke yake. Katika 2 Wakorintho sura ya 8 anaeleza kwamba ndugu wengine walichaguliwa kusafiri naye, ili mtu asimlaumu juu ya fedha hizo. Kanisa linalopokea magunia kumi linapaswa kuonyesha magunia kumi, daftari lenye sahihi, na picha ya mzigo ikihitajika. Kuficha hesabu kwa kisingizio cha mkono wa kushoto usijue ni mlango wa wizi.

Lakini hesabu haihitaji uso wa mama yule. Haihitaji atajwe jina, wala alikotoka, wala aliyoyapitia. Kwa mtu aliyekimbia, picha yake kusambaa inaweza hata kuwa hatari. Swali la nia linajibiwa hapo hapo: picha ikiondolewa uso wa mpokeaji na uso wa mtoaji, ikabaki gunia na daftari, je, bado kuna mtu anayetaka kuipeleka?

Habari ya Anania na Safira, katika Matendo sura ya 5, mara nyingi inaelezwa vibaya. Watu hudhani walikufa kwa sababu walibakiza sehemu ya fedha. Petro alimwambia Anania waziwazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa katika uwezo wake. Kosa lao lilikuwa kuleta sehemu na kutaka waonekane wameleta zote. Hapa kuna faraja kwa maskini wa Kasaji. Aliye na debe moja na anaweza kutoa nusu, atoe nusu na aseme ni nusu. Hakuna anayemdai zaidi. Mjane wa Marko 12 alitoa sarafu mbili ndogo.

Anayepokea naye ana moyo

Ingekuwa si haki kuwapima wenyeji tu. Familia zilizohama ni watu wazima mbele za Mungu, na kuwaona kama wasio na nia yoyote ni kuwadharau.

Wanajua wenyewe majaribu yao. Orodha ikiandikwa, jina la mtoto linaingizwa mara mbili. Kanisa hili likigawa mafuta, familia ni ya kanisa hili; lile likigawa chumvi, ni ya lile. Mama anaongeza machozi kidogo kwa sababu ameona aliyelia zaidi alipata zaidi. Mbele ya mambo hayo, mwenye shibe asikimbilie kuhukumu. Njaa ni mwalimu mkali. Hata hivyo jina lililoandikwa mara mbili lina mtu upande wa pili: familia ya mwisho katika foleni, inayoambiwa mzigo umekwisha. Anayejiandikisha mara mbili hamwibii mzungu wa shirika. Anamwibia mwenzake waliyetembea naye njia moja.

Na upande wa makanisa, kuna jambo la kusemwa bila kuzunguka. Kanisa linalogawa unga baada ya ibada, kwa walioketi ndani tu, linaweza kuhesabu waongofu wengi. Limewafundisha watu wenye njaa kwamba sala ni tiketi. Siku gunia litakapokwisha, mabenchi yatakuwa wazi, na mchungaji atawaita wanafiki watu ambao yeye mwenyewe aliwafundisha unafiki. Anayetaka kujua kama anapenda roho za watu au idadi yao, agawe unga Jumanne, kwa kila aliye kwenye orodha, Mkatoliki, Mmethodisti, Mwislamu na asiye na dini, kisha Jumapili ahubiri kwa watakaokuja.

Maswali ya kujipima

Si kila mtu ana muda wa kukaa na moyo wake kama msomi. Mama anayeamka saa kumi na moja kuchota maji anahitaji maswali mafupi. Matatu yanaweza kutosha.

La kwanza: kama hakuna atakayejua, je, ningetoa? Mwenye kusita hapa asikate tamaa. Atoe kitu kimoja wiki hii bila mtu kujua, aone moyo wake unasema nini.

La pili: kama mgeni hatashukuru, je, nitaendelea? Wahenga walisema tenda wema uende zako. Mwenyeji anayehesabu shukrani ameuza, ila hakutaja bei. Na watu waliopoteza nyumba, shamba na wafu wao wakati mwingine hawana nguvu ya kushukuru.

La tatu: kama mgeni atasimama kwa miguu yake na kuondoka, nitafurahi? Hili ndilo linalochoma zaidi. Yuko mtoaji anayempenda maskini maadamu ni maskini. Siku mgeni anapopata kazi na kupanga nyumba yake, mtoaji huyo anaanza kusema ana kiburi. Alichokipenda ni kuwa juu yake.

Maswali haya ni ya mtu na moyo wake. Yakielekezwa kwa jirani yanageuka kuwa sumu. Paulo, katika 1 Wakorintho 4:5, anawaambia waamini wasihukumu kabla ya wakati, kwa kuwa Bwana ndiye atakayeyafunua makusudi ya mioyo. Kanisa ambalo kila mmoja anachungulia nia ya mwenzake halitalisha mtu. Na Paulo huyohuyo, akiwa kifungoni, aliandika katika Wafilipi sura ya 1 kwamba wako wanaomhubiri Kristo kwa husuda na ushindani, naye akafurahi kwamba hata hivyo Kristo anahubiriwa. Vivyo hivyo mtoto hulala ameshiba hata kama aliyempa chakula alitaka sifa. Ubaya wa nia ni hasara ya mtoaji mbele za Mungu. Chakula ni chakula.

Kwa sababu hiyo, anayegundua changarawe ndani ya moyo wake asifunge mlango. Huo ungekuwa mtego mwingine: kuacha kutoa mpaka moyo uwe safi, na wakati huohuo mgeni analala nje. Aendelee kutoa, na apepete anapotoa. Mara nyingi mtu aliyeanza kwa sababu mbaya hujifunza kupenda kwa kuwaona kila siku watoto aliowapokea.

Katika makusanyiko ya Ndugu katika Kristo, waliotokana na kazi ya Arnot na wenzake, mkate unamegwa kila Jumapili, na neno la 1 Wakorintho 11 juu ya mtu kujihoji mwenyewe kabla ya kula linajulikana hata na watoto. Makanisa mengine yana siku yao ya Meza ya Bwana. Muda ule mfupi wa kunyamaza upo tayari. Hauhitaji mkutano mpya wala kamati. Mtu anaweza kuupa jina la mgeni wake na kuuliza: wiki hii, nilimfanyia nini, na kwa nini?

Na mavuno yakifika, kitabu cha Ruthu kinafaa kusomwa mashambani. Ruthu alikuwa mjane kutoka nchi nyingine, akiokota masuke nyuma ya wavunaji ili yeye na mama mkwe wake wapate kula. Boazi aliwaagiza vijana wake wamwache aokote, tena wachomoe masuke mengine makusudi na kuyaacha chini, wala wasimkemee. Ruthu alirudi nyumbani jioni na nafaka aliyoiokota na kuipura kwa mikono yake mwenyewe. Mwenye shamba la mahindi katika Kasaji, anayesimama mwisho wa mstari na kuona magunzi yenye punje yamebaki chini, anajua cha kuwaambia vijana wake.